Aliyebandua Utando

Kila asubuhi wanafunzi wa darasa la sita walivua viatu vya barabarani mlangoni, wakavaa viatu laini vya ndani, ndipo wakapanda ngazi kwenda darasani. Narae alikuwa na desturi ya kufika mapema ili asikutane na Danbi kwenye kabati la viatu, maana visanduku vyao vilikuwa jirani. Jumatatu ile hakubahatika. Alimkuta Danbi amechuchumaa pale, akikung'uta udongo kwenye soli.

"Sogea," Narae alisema.

"Omba vizuri."

"Nimwombe nani? Wewe na matope yako ya shambani? Sogea, utanichafua."

Danbi aliinuka polepole, makusudi, akampita kwa bega. "Na wewe angalia usije ukanakili na viatu vyangu," alisema, akaenda zake.

Neno hilo lilimchoma Narae kama mwiba. Mwaka uliopita, katika darasa la tano, alinakili majibu ya hesabu ya jirani yake, na Danbi alisimama mbele ya watu wote akamtaja. Mwalimu alipokagua, akakuta ni kweli. Laiti ungekuwa uongo, pengine Narae angemsamehe. Kwa kuwa ulikuwa ukweli, alimchukia mpaka leo.

Mji wao wa Asan ulijulikana kwa mambo mawili, mapeasi na skrini. Danbi alilelewa na babu yake, Mzee Pyo, mkulima wa mapeasi. Mama yake Narae alifanya kazi katika kiwanda cha skrini, na Narae hakuacha hata siku moja ipite bila kuwakumbusha wenzake. Alizidi kujigamba mwanzoni mwa Aprili, kiwanda kilipoleta skrini kubwa darasani mwao kwa majaribio. Ilikuwa pana kama ubao, nyembamba kama kitabu cha mazoezi, na kila nukta yake ilijiwakia yenyewe bila taa nyuma yake.

"Darasa hili lina madirisha makubwa upande wa jua," Mwalimu Noh aliwaeleza. "Kiwanda kinataka kujua mambo mawili. Je, jua likipiga, mnaona maandishi au mnaona sura zenu? Na je, anayekaa pembeni anaona sawa na anayekaa katikati? Kila saa mtaandika alama, moja mpaka tano, kila mtu kwa kiti chake. Andikeni mnachokiona. Baada ya wiki mbili, wakiridhika, kila darasa litapata skrini yake."

Wanafunzi waliandika tano, tano, tano. Nani asiyetaka skrini mpya? Danbi peke yake, aliyekaa mwisho kabisa karibu na dirisha, aliandika tatu.

"Kutoka kwangu nyeupe inageuka bluu," alisema.

"Macho yako ndiyo ya bluu," Taeo alidakia. Taeo alikuwa kiongozi wa darasa, mvulana mwenye sauti ya kubeba wengine. Darasa zima lilicheka.

"Basi kaeni nayo," Danbi alijibu. "Kwangu bora ubao wa zamani. Chombo chenyewe hata kikivunjika silii."

Maneno hayo yalikuja kumgharimu.

Jumatatu hiyohiyo, zamu ya usafi ilikuwa ya Narae na Danbi. Waligawana kazi bila kusema neno. Danbi alifagia, akapiga deki, kisha akachukua ndoo kwenda kumwaga maji machafu. Narae alibaki akipangusa skrini kwa kitambaa kikavu. Kwenye kona ya juu upande wa kulia, kidole chake kiligusa kitu kimeinuka. Ulikuwa ukingo wa utando mwembamba wa plastiki.

Alitabasamu. Aliwahi kuona simu mpya ya mama yake ikitolewa kwenye boksi, na ule utando wa kukinga mikwaruzo ukibanduliwa. Kumbe hawa wametumia skrini siku nne nzima na karatasi yake ya dukani! Alijiona akimwambia Mwalimu kesho, "Nilijua tu, mama yangu anafanya kazi kule." Akapanda kiti, akashika ukingo kwa mikono miwili, akavuta.

Utando ulitoka kwa mlio mrefu, kama gundi inayoachia. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na wa rangi ya kijivu. Alipomaliza, alijiona mwenyewe. Uso wake, kiti alichosimamia, madirisha yote na anga la nyuma yake vilikuwa ndani ya skrini, vimekaa wazi kama kwenye kioo cha kujitazamia.

Alijaribu kuurudisha utando, ukajikunja na kushika vumbi. Alisikia ndoo ikigongagonga ngazini. Haraka aliukunjakunja, akausukuma chini ya pipa la maboksi ya maziwa, akachukua mkoba wake.

"Nimemaliza. Funga wewe," alimwambia Danbi mlangoni.

"Mbona unahema?"

"Inakuhusu?"

Danbi alifunga darasa, akapeleka ufunguo ofisini na kutia sahihi yake kwenye daftari.

Kesho yake jua lilikuwa kali. Mwalimu Noh aliwasha skrini, na darasa zima likafunika macho. Palipotakiwa kuwa na ramani, palikuwa na madirisha matatu meupe yanayochoma. Katikati ya mwanga ule walionekana wao wenyewe, safu kwa safu. Waliokaa mbele hawakuona kitu, na waliokaa pembeni ndio kabisa.

Mwalimu alipitisha kidole kwenye kioo, akakuta mabaki ya gundi. Rangi ilimtoka usoni.

"Nani ameubandua utando?"

Wanafunzi walitazamana.

"Jana nani alikuwa wa mwisho kutoka?"

"Danbi," sauti tatu zilijibu kwa pamoja. "Alisema hata ikivunjika halii," Taeo aliongeza. "Sote tulimsikia."

Danbi alisimama. "Sikuigusa. Nilikuwa namwaga maji. Muulizeni Narae, yeye ndiye aliyekuwa anaipangusa."

Macho yote yalimgeukia Narae. Hapo ndipo angeweza kusema. Maneno yalikuwa yamefika kooni. Lakini alimwona Danbi pale, kidevu juu, macho makavu, sura ileile ya siku ya hesabu.

"Nilipotoka ilikuwa nzima," alisema.

Na Mungu anajua, kwa dakika ile alifurahi.

Furaha yenyewe haikulala. Mchana Danbi alikula wali wake na supu ya mwani peke yake. Kila meza aliyoikaribia na sinia yake, watu walitandaza mikono na kusema kuna mtu. Alipotaka kwenda nyumbani, alikuta viatu vyake havipo kisandukuni. Aliondoka na viatu vya ndani, na nje mvua ilikuwa imeanza. Taeo na wenzake walisimama dirishani wakicheka. Narae alisimama pamoja nao. Hakucheka, ila pia hakusema kitu.

Jumatano Mwalimu Noh alimwita Mzee Pyo. Narae alikuwa amebeba madaftari kuyapeleka ofisini, akamkuta mzee yule kwenye korido, bado amevaa buti za shamba, kofia mkononi. Mji mzima ulimjua. Alikuwa mzee mkali asiyempisha mtu njiani, aliyewahi kumfukuza diwani kwenye shamba lake kwa kukanyaga miche. Siku ile aliinama mbele ya Mwalimu Noh, kijana wa rika la mwanawe, akainama mpaka mgongo ukalala kama meza, na akakaa hivyo muda mrefu.

"Nimemlea vibaya, Mwalimu," alisema. "Lawama ni yangu."

"Babu, usiiname," Danbi alisema nyuma yake. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Babu, sikufanya. Inuka."

"Nyamaza. Umeniaibisha vya kutosha."

Narae aliganda ukutani. Danbi alimwona, akamtazama bila kupepesa, na Narae ndiye aliyeinamisha macho.

Jioni, mama yake alirudi kutoka kiwandani akiwa na alama nyekundu kwenye paji la uso, mahali ilipokuwa kofia ya kazi. Alikaa chini, akala vijiko viwili tu vya wali, akasukuma bakuli la kimchi, ile kabichi iliyochachushwa kwa pilipili.

"Kuna mtoto wa darasa lenu kaing'oa kazi yetu," alisema. "Ule utando umepita mikononi mwangu mimi. Kesho mimi na fundi mmoja tunaleta mwingine."

"Si plastiki tu, Mama?"

"Plastiki tu!" Mama aliweka kijiko chini. "Sikiliza. Nyuma ya zile nukta zinazowaka kuna chuma chembamba kinachong'aa. Jua likiingia linagonga pale, linarudi machoni mwako. Sasa utando una tabaka mbili. Ya kwanza ni kama uzio wa vijiti vilivyosimama wima, inapitisha mwanga uliosimama tu. Ya pili inauzungusha mwanga huo. Ukienda kugonga chuma na kurudi, unazungushwa tena, unafika kwenye uzio umeshalala. Haupiti. Unaishia humohumo."

"Na mwanga wa nukta zenyewe?"

"Karibu nusu yake unapotea, lakini unaobaki unatosha kusomea. Shida iko kwa wa pembeni. Kwao mwanga unapita kwa mshazari, hesabu inavurugika kidogo, rangi zinabadilika. Ndiyo maana tukauleta shuleni, maana nyinyi mnakaa pembe zote. Ule wenu ulikuwa wa majaribio, tuliushika kwa gundi nyepesi ili tuubadilishe. Wa kawaida mtoto asingeweza kuubandua."

Mama alisugua paji la uso. "Huyo mtoto wamemjua?"

"Wanasema ni Danbi."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi sijui," Narae alijibu, akaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yake.

Alfajiri ya Alhamisi aliamka na mpango. Duka la vifaa vya shule lililo mbele ya lango hufunguliwa mapema kwa ajili ya wanaosahau madaftari. Alinunua karatasi kubwa mbili za plastiki, zile za kupunguza mng'ao kwenye kompyuta, akachukua ufunguo ofisini, akapanda darasani kabla ya mwanafunzi mwingine kufika. Aliyafuta mabaki ya gundi, akabandika ya kwanza, kisha ya pili kando yake. Mapovu ya hewa yalitapakaa kila mahali. Aliwasha skrini. Kutoka mbele, maandishi yalionekana kama yako ndani ya ukungu. Alihamia pembeni, na pale maungio yalimeta na mapovu yakang'aa kama vipele.

"Kumbe."

Danbi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Kwa adhabu ya mwezi mzima, usafi wote wa darasa ulikuwa wake, na alikuja kuuanza kabla ya masomo.

"Natengeneza tu," Narae alisema.

"Unatengeneza. Siku zote huwezi hata kuokota karatasi iliyo chini ya kiti chako, leo umeingiwa na huruma ya skrini." Danbi aliweka ndoo chini. "Ni wewe."

Narae aliendelea kusukuma povu kwa kidole.

"Utasema?" Narae aliuliza kwa sauti ndogo.

"Niseme ili iweje? Nilisema juzi, nani alinisikia? Wewe mtoto wa mama wa kiwandani. Mimi nina matope ya shambani."

"Nitawaambia wakurudishie viatu vyako. Nitakaa na wewe wakati wa kula."

"Nani kakwambia nataka kukaa na wewe?" Danbi alisogea hatua moja. "Ulimwona babu yangu. Ulikuwa pale ukutani na madaftari yako. Babu yangu hajawahi kuinama hivyo, hata kwenye msiba wa mwanawe. Haya, tengeneza na hilo. Bandika na hilo plastiki."

Alichovya tambara kwenye maji, akalikamua kwa nguvu zote, akaanza kupiga deki. Alipofika miguuni pa Narae hakusema sogea. Alizunguka.

Saa nne mama yake Narae aliingia darasani na fundi, wakiwa wamebeba utando mpya ndani ya boksi refu. Wanafunzi walisimama wakasalimu. Mama alisogelea skrini, akazitazama zile karatasi za dukani, akageuka.

"Hii nayo ni kazi ya nani?"

"Danbi huyo," Taeo alisema. "Anafika mapema siku hizi. Kajaribu kuficha."

Hata Mwalimu Noh alimtazama Danbi na kushusha pumzi. Danbi hakusimama, wala hakujitetea. Alikuwa anatazama nje ya dirisha, kama mtu aliyezoea.

Narae alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Si Danbi. Ni mimi," alisema. "Hizo za leo nimebandika mimi. Na ule wa Jumatatu niliubandua mimi. Nilidhani ni karatasi ya dukani. Danbi alikuwa amekwenda kumwaga maji. Niliuficha chini ya pipa la maziwa, na aliponitaja nikasema uongo."

Hakuna aliyecheka. Mama yake alikuwa ameshika boksi mikononi, na Narae aliona vidole vyake vikibana mpaka kucha zikawa nyeupe.

"Jumanne ulijua," Mama alisema polepole. "Jana tukiwa mezani ulijua. Nilikuuliza."

"Ndiyo, Mama."

"Kuubandua ni ujinga, na ujinga unafundishwa. Lakini siku tatu umemwacha mtoto wa mwenzio abebe lawama yako." Hakupandisha sauti, na hilo lilimwogopesha Narae zaidi. "Usikae. Baki umesimama mpaka tumalize kazi."

Mwalimu Noh alimwendea Danbi, akainamisha kichwa mbele ya darasa zima. "Nilikuhukumu bila kuchunguza," alisema. "Nimekosa. Leo jioni nitakuja nyumbani kwenu nimwambie babu yako kwa kinywa changu." Kisha aligeuka. "Taeo, viatu vya Danbi viko wapi? Sitauliza mara mbili." Taeo alitoka kichwa chini, akarudi na viatu vilivyoloa.

Mama na fundi walivaa glavu, wakasafisha kioo, wakalaza utando inchi kwa inchi, wakiupitishia rola bila kuacha povu hata moja. Narae alisimama muda wote huo. Skrini ilipowashwa, madirisha yalikuwa yametoweka, na ramani ilikuwa wazi, rangi yake nyeusi ikiwa nyeusi kabisa. Mama alichukua daftari la alama, akalipekua.

"Tano, tano, tano. Nyote mmeandika tano hata mlio pembeni kabisa? Hizi hazitusaidii kitu, mmeandika kutufurahisha. Huyu peke yake ndiye aliyetufanyia kazi. Nani aliandika tatu, kwamba nyeupe inageuka bluu?"

"Mimi," Danbi alisema.

"Nionyeshe ulipokaa."

Mama alikaa kwenye kiti cha Danbi, akatazama kwa muda, akampa fundi nafasi atazame na yeye. Walipima pembe kwa uzi na kipimapembe, wakaandika. "Yuko sahihi," fundi alisema. "Tungepeleka hivi, tungekuja kuumbuka." Tangu siku hiyo Mwalimu aliwahamisha wanafunzi viti kila saa, na kila mmoja aliandika alichokiona.

Jumamosi mama na binti walikwenda kwa Mzee Pyo. Hawakupitia njia ya nyuma. Walipita barabara kuu, mbele ya majirani. Miti ya peasi ilikuwa imejaa maua meupe, na mzee alikuwa kwenye ngazi na brashi ya manyoya, akichavusha ua moja moja, kwa kuwa siku hizi nyuki hawatoshi. Danbi alikuwa kwenye ngazi nyingine.

Narae aliinama mpaka mgongo ukalala. "Babu, nilimsingizia Danbi. Nimekufanya uiname kwa kosa langu. Naomba radhi."

Mzee hakushuka. "Kuinama ni rahisi kwa watoto, migongo yenu bado laini," alisema. "Maua haya yana siku tatu tu. Brashi ziko kwenye kikapu."

Walifanya kazi mpaka mabega yakawaka moto. Hakuna aliyewaletea chai. Mama yake Narae, aliyezoea kazi ya vidole, alikwenda haraka. Narae alipata malengelenge, akaendelea. Danbi hakumtazama.

Jua lilipoanza kushuka, mzee alikuja chini ya ngazi ya Narae, akasimama kofia mkononi.

"Jumatano nilipoinama, sikuumia kwa sababu ya mgongo," alisema. "Niliumia kwa sababu mjukuu wangu aliniambia hakufanya, nami sikumwamini. Kosa hilo ni langu, na nimeshamwomba radhi. La kwako ni hili, ulisikie vizuri. Mtu akikosea akajitokeza, amekosa mara moja, na hiyo moja anaweza kuimaliza kwa kazi. Akikosea akajificha nyuma ya mwenzake, makosa yanazaliana kila kukicha, na mengine yanazalia kwenye nyumba za watu. Ukilichafua jina la mtu mbele ya watu, lisafishe mbele ya watu walewale. Hilo umelifanya. Umechelewa, ila umelifanya."

"Ndiyo, Babu."

"Na usitegemee kupendwa kwa sababu hiyo. Kusema kweli ni deni la kila mtu, halina zawadi."

Mzee aliondoka kwenda kukusanya vikapu. Narae alishuka ngazi, akapangusa vumbi la njano usoni, akaanza kuikunja ngazi. Kutoka mti wa pili Danbi alisema, bila kugeuza kichwa, "Lile tawi la juu umeliruka."

Narae alitazama juu. Ni kweli, alikuwa ameliruka. Akaisimamisha ngazi tena, akapanda.